Nionyeshe kwa kidole: ugoko, kifundo na kisigino kwa wakimbiaji na warukaji

Mwanafunzi akija anachechemea, simuulizi anaumwa nini. Namkalisha kivulini, avue raba na soksi, kisha namwambia: nionyeshe kwa kidole kimoja panapouma. Kuna anayeshindwa kutumia kidole, anapitisha kiganja juu chini kwenye ugoko, "hapa mwalimu, mpaka hapa." Na kuna anayeweka ncha ya kidole mahali pamoja padogo, na akibonyeza tu anashtuka. Wa kwanza nitampunguzia mazoezi na kumfuatilia hapahapa uwanjani. Wa pili hakimbii tena siku hiyo, hata kama kesho yake ni fainali ya wilaya.

Nafundisha riadha na netiboli shuleni hapa Kigoma mjini. Haya nawaandikia walimu wenzangu wa michezo, wazazi, na ninyi vijana mnaopandisha mlima wa Mwanga alfajiri. Kuupa ugonjwa jina ni kazi ya daktari. Kazi yetu sisi ni kujua nani aendelee taratibu, nani apumzike, na nani apelekwe hospitali sasa hivi.

Kwa nini wanaumia kambini

Mvua zikikatika mwezi wa tano, uwanja wa shule unakauka na udongo unakuwa mgumu kama sakafu. Hapo ndipo UMITASHUMTA na UMISSETA, michezo ya shule za msingi na za sekondari, inapokaribia. Mtoto ambaye mwaka mzima alikimbia siku ya michezo tu, sasa anaingizwa kambini na kukimbia asubuhi na jioni, na katikati anafanya mazoezi ya miruko mitatu (triple jump). Pumzi inakuja haraka, misuli nayo inaitikia, kwa hiyo anajisikia yuko vizuri na mwalimu anafurahi. Mfupa na kano huenda kwa mwendo wa polepole zaidi. Vinahitaji kubebeshwa mzigo, kisha vipewe muda wa kujijenga kabla ya mzigo mwingine. Muda huo usipopatikana, wiki ya tatu au ya nne foleni ya wanaochechemea inaanza.

Mji wetu nao una mambo yake. Ukiteremka kwa kasi kutoka Mwanga kuelekea bandarini, kila hatua inagonga ugoko. Ukipandisha, shavu la mguu na kano ya kisigino vinavutwa. Ukiwapeleka watoto kwenye mchanga laini wa ufukweni Kibirizi, kisigino kinazama na kano ileile inavutwa zaidi. Sikatazi mlima wala mchanga, vyote vinajenga. Ninachokataa ni kuviweka vyote ndani ya wiki moja kwa mtoto aliyetoka likizo.

Mimi huanza wiki 6 au zaidi kabla ya mashindano. Siku ngumu inafuatwa na siku nyepesi. Warukaji nawahesabia miruko ya nguvu kama mwenye duka anavyohesabu chenji. Ikifika idadi niliyoipanga tunafunga, hata kama mtoto anaomba mmoja wa mwisho. Huo mmoja wa mwisho hurukwa na mguu uliochoka.

Ugoko

Maumivu ya ugoko ndiyo nayaona kuliko yote. Yale ya kawaida hukaa upande wa ndani wa mfupa, sehemu ya katikati na ya chini, na hutanda urefu wa vidole vitatu, vinne au zaidi. Yanauma mwanzo wa mazoezi, mwili ukipata moto yanapungua, jioni yanarudi. Hapo msukumo umezidi uwezo wa mfupa na misuli iliyoshikana nao.

Dawa yake si kukaa kitandani. Punguza mbio kwa nusu, acha mteremko na miruko, hamia kwenye nyasi au njia ya udongo laini. Maumivu madogo wakati wa kukimbia yanavumilika iwapo asubuhi yake hayajaongezeka. Sambamba na hilo, jenga misuli ya shavu la mguu. Simama, nyanyuka kwa vidole, shuka taratibu. Fanya goti likiwa limenyooka, kisha likiwa limekunjwa kidogo. Watu wengi huruka hilo la goti lililokunjwa, na ndilo linalofikia msuli wa ndani unaobeba kazi kubwa kila unapokanyaga.

Sasa yule wa kidole kimoja. Hapo nashuku ufa wa mfupa, ule unaotokana na kugongwa mara nyingi bila kuanguka wala kupigwa. Dalili zake: panauma mahali pamoja, panauma zaidi kadiri anavyoendelea kukimbia, baadaye panauma hata akitembea, mwisho hata usiku amelala. Mwambie aruke kidogo kwa mguu huo mmoja. Akikataa kabla hata hajajaribu, usimlazimishe, jibu umeshapata.

Walimu, tafadhali lishikeni hili: picha ya eksirei ya wiki 2 au 3 za mwanzo inaweza kutoka safi na ufa upo. Nimeona mzazi akirudi kutoka hospitali amefurahi, "mfupa mzima," na mtoto akarudishwa mbioni jioni ileile. Picha safi pamoja na maumivu ya kidole kimoja maana yake ni kupumzika na kurudia picha baadaye, au kupata kipimo kikubwa kama MRI ikiwezekana. Nyufa nyingi za ugoko na za mifupa mirefu ya katikati ya unyayo hupona vizuri kwa kuacha kukimbia wiki 6 hadi 8, wakati mwingine zaidi.

Ila kuna sehemu tatu ambazo hazina mzaha. Ya kwanza ni mbele kabisa ya ugoko, katikati, na hii huwapata warukaji. Ya pili ni juu ya unyayo, pale karibu na kona ya kifundo unapofungia kamba za kiatu. Huwapata warukaji na wakimbiaji wa mbio fupi, mara nyingi kwenye mguu wa kurukia. Ya tatu ni mfupa wa ukingo wa nje wa unyayo, nyuma ya kidole kidogo. Sehemu hizi hupona kwa shida, mara nyingi kwa sababu damu haifiki kwa wingi. Ufa wa ile sehemu ya juu ya unyayo kwa kawaida hutaka hogo (plasta ya kufungia mfupa) na magongo, wiki 6 hivi bila kukanyaga kabisa. Mtoto akikuonyesha mojawapo ya sehemu hizo, mpeleke hospitali, usisubiri mashindano yapite.

Nina neno kwa walimu wa kike, maana wasichana hawatalisema kwa mwalimu wa kiume. Msichana mwenye maumivu ya ugoko, muulize kwa faragha kama anaona siku zake. Akiwa amekosa miezi 3 mfululizo, mpeleke kituo cha afya. Wahudumu watamcheki na ujauzito, ni kawaida yao, na usimwache akaenda peke yake. Lakini sababu inayosahaulika ni chakula. Mwili usiopata chakula cha kutosha kulingana na mazoezi huzima baadhi ya kazi zake, hedhi ikiwemo, na mfupa hudhoofika. Mwaka 2014 Kamati ya Kimataifa ya Olimpiki iliipa hali hiyo jina rasmi na kueleza kwamba wavulana nao huipata. Kwa hiyo nasimamia uji kabla ya mazoezi ya asubuhi, na kambini napigania dagaa. Dagaa wetu wa Ziwa Tanganyika unamla mzima na miba yake, na madini ya chokaa yamo humo.

Mtoto mwenye maumivu ya mfupa pamoja na homa, au uvimbe unaokua, au maumivu ya usiku yasiyohusiana na mazoezi, huyo si wa mwalimu wa michezo. Apelekwe hospitali siku hiyohiyo.

Kifundo kilichoteguka

Anatua vibaya kutoka kwenye mruko, au anakanyaga mguu wa mwenzake chini ya goli la netiboli, unyayo unapinduka kwa ndani, na mbele ya ile nundu ya nje ya kifundo panavimba hadi panakuwa na umbo la yai.

Kwanza amua kama ni wa picha. Mwaka 1992 madaktari wa Ottawa, Kanada, walichapisha kanuni fupi ambayo mtu yeyote mwenye kidole gumba anaweza kuijifunza. Bonyeza mfupa wa nundu ya nje, ukingo wake wa nyuma na ncha ya chini, kuanzia sentimita 6 juu. Fanya vivyo hivyo nundu ya ndani. Bonyeza shina la ule mfupa wa ukingo wa nje wa unyayo, linajitokeza katikati kati ya kisigino na kidole kidogo. Bonyeza juu ya unyayo upande wa ndani. Kisha aombwe atembee hatua 4, hata kama anachechemea. Mfupa ukiuma mojawapo ya hizo sehemu, au hatua 4 zikimshinda, aende akapigwe picha. Visipouma, na akatembea, uwezekano wa mfupa kuvunjika ni mdogo sana. Kwa mtoto ambaye bado anakua ongeza tahadhari, kwa sababu mfupa wake una sehemu laini ya kukulia ambayo inaweza kuachia kabla ya kano.

Halafu kuna suala la kuchua. Nyumbani kwetu kifundo kikiteguka inaitwa mikono ya bibi: maji ya moto, mawese ya vuguvugu, anachua hadi mtoto anapiga kelele. Mikono ya bibi naiheshimu, na baadaye ina kazi yake. Siku mbili tatu za mwanzo naomba isubiri. Ndani ya uvimbe ule mishipa midogo ya damu imekatika na bado inavuja. Joto na kusugua vinaongeza kuvuja. Na kama mfupa umevunjika bila kujulikana, unausogeza.

Badala yake funga bendeji ya kuvutika kuanzia vidoleni kwenda juu, ibane bila kukata damu, na mguu uinuliwe juu ya mto. Barafu ipo, hata kwa wauza samaki. Izungushie kanga, dakika 15 hivi, inatuliza maumivu. Usiikalishe kutwa. Gabe Mirkin, daktari wa Marekani aliyeeneza kanuni ya kupumzisha, barafu, kubana na kuinua mwaka 1978, mwaka 2014 aliandika mwenyewe kwamba barafu inaweza kuchelewesha kupona. Bendeji ikifungwa, au fundi wa jadi akimfunga vijiti, angalia vidole: vikiwa vya baridi, vimekufa ganzi, au maumivu yanazidi kupanda kila saa hasa ukivinyoosha vidole, fungua mara moja na kimbilia hospitali. Mguu unaweza kupotea kwa saa chache.

Kuanzia siku ya pili au ya tatu aanze kuchezesha kifundo. Mimi huwaambia waandike jina lao hewani kwa kidole gumba cha mguu. Aanze kukanyaga kadiri anavyoweza. Uvimbe ukishuka inakuja sehemu inayoachwa na karibu kila mtu, nayo ni kusimama kwa mguu mmoja. Sekunde 30 macho wazi, kisha macho yamefumbwa, kisha juu ya mto, kisha huku mwenzake anamrushia mpira. Kila siku, wiki 6 na kuendelea. Kifundo kilichoteguka mara moja kina tabia ya kuteguka tena, na zoezi hili ndilo linalopunguza hatari hiyo. Kwa wachezaji wa netiboli na warukaji naongeza kukifunga kifundo kwa plasta ngumu au soksi ya kubana wakati wa mechi kwa miezi kadhaa.

Kano ya kisigino

Ni ile kano nene unayoweza kuibana kwa vidole viwili nyuma ya kifundo. Ukikimbia inabeba mzigo wa mara kadhaa ya uzito wako. Inapochoka inakakamaa asubuhi, inauma ukiibana sentimita 2 hadi 6 juu ya kisigino, wakati mwingine inanenepa. Vijana hupuuza kwa sababu ikishapata moto inanyamaza.

Ikipumzishwa kabisa inadhoofika zaidi, kwa hiyo itibiwe kwa mzigo uliopimwa. Mwaka 1998 Håkan Alfredson wa Sweden alionyesha njia ambayo mpaka leo inatumika: simama kwenye ukingo wa ngazi, nyanyuka kwa mguu mzima, hamishia uzito kwenye mguu mgonjwa, shusha kisigino polepole hadi chini ya ukingo. Mara 15, seti 3, goti limenyooka. Seti nyingine 3 goti limekunjwa. Asubuhi na jioni, wiki 12. Hiyo ni mara 180 kwa siku. Kwa mtoto wa shule naanza na kidogo kuliko hapo na kupandisha kila wiki. Ngazi za darasani zinatosha. Kama maumivu yako chini kabisa, pale kano inapoungana na mfupa wa kisigino, asishuke chini ya ukingo. Afanyie kwenye sakafu.

Kabla sijaendelea, kuna jambo la duka la dawa. Sipro (ciprofloxacin), ile antibiotiki inayonunuliwa kiholela mtu akihisi ana taifodi au mkojo mchafu, ina onyo linalojulikana: dawa za kundi lake zinaweza kudhuru kano, na ya kisigino ndiyo hasa, hata kuikata. Mwanariadha akiandikiwa na daktari atumie, lakini amwambie daktari kuwa anakimbia, na kano ikianza kuuma arudi kwake haraka. Asijinunulie mwenyewe.

Kano ikikatika, mhusika husikia "pa!" na kugeuka nyuma kuona nani kampiga teke au jiwe. Hakuna mtu. Mlaze kifudifudi, miguu ikining'inia ukingoni mwa benchi, bana shavu la mguu mzima: unyayo unasogea. Bana la mguu ulioumia: usiposogea, kano imekatika. Watu hudanganyika kwa sababu mgonjwa anaweza bado kutembea na kuchezesha vidole, wanadhani ni kuteguka tu. Aende hospitali siku hiyohiyo, unyayo ukiwa umefungwa ukielekea chini, asikanyage. Liu Xiang wa China, bingwa wa Olimpiki wa mita 110 kuruka viunzi mwaka 2004, alijitoa Beijing 2008 kwa kano hii, na London 2012 ilimkatikia kwenye kiunzi cha kwanza.

Msuli wa shavu lenyewe ukichanika, maumivu yako juu zaidi, upande wa ndani, na unyayo bado unasogea ukibana. Funga, punguza mwendo, anza kunyanyuka kwa vidole maumivu yakiruhusu. Shavu likivimba na kuwa la moto bila kisa cha mazoezi, au kifua kikibana, nenda hospitali. Huenda ni damu iliyoganda.

Chini ya unyayo, na visigino vya watoto

Hatua ya kwanza kutoka kitandani inachoma chini ya kisigino upande wa ndani, ukitembea inapungua: ni ule utando mgumu wa chini ya unyayo. Kabla ya kushuka kitandani vuta vidole kuelekea kwako, shikilia sekunde 10, rudia mara 10. Kisha, siku moja ndiyo siku moja hapana, simama kwenye ngazi ukiwa umekunja kanga na kuiweka chini ya vidole ili vielekee juu, panda kwa sekunde 3, tulia 2, shuka kwa 3. Inachukua miezi, sitakudanganya. Kutembea pekupeku kwenye sakafu ya saruji kunaitonesha, vaa ndala nene hata ndani.

Mtoto wa miaka 8 hadi 14 anayelalamikia kisigino ni habari nyingine. Bana pande mbili za kisigino chake kwa viganja. Akiumia hapo, mara nyingi ni sehemu ya kukulia mfupa inayovutwa na kano. Haiharibu mguu na itaisha akikomaa. Punguza kukimbia na kuruka, mwekee kitambaa kilichokunjwa chini ya kisigino ndani ya viatu vyote viwili, na asikimbie pekupeku kwenye uwanja mgumu mpaka itulie. Usimwite mvivu. Naomba hilo kwa dhati, maana nimesikia likisemwa mbele ya darasa.

Mrukaji mkubwa anayeumia kisigino cha mguu wa kurukia baada ya kupigiza ubao wa kurukia ana jeraha la nyama ya kisigino. Kupumzika, kiatu chenye soli nene, na kufunga plasta kukizunguka kisigino ili nyama isitawanyike.

Viatu na shimo

Kwenye mitumba ya soko la Mwanga raba nzuri zipo. Bana nyuma ya kiatu, pawe pagumu. Kiweke mezani ukitazame kwa nyuma. Kikiegemea upande mmoja, mwenye nacho wa kwanza alishakimaliza. Bonyeza soli kwa kidole gumba. Ikiwa ngumu bila kurudi, povu lake limekufa hata kama juu kinang'aa. Aliyezoea pekupeku asibadilishiwe ghafla kambini, wala aliyezoea raba asivuliwe ghafla. Na aliyechomwa na msumari unyayoni aulizwe kuhusu chanjo ya pepopunda.

Shimo la mchanga lilimwe kwa jembe kabla ya kila kipindi, si kila muhula. Mchanga ulioshikana baada ya mvua unavunja vifundo.

Kurudi mbioni

Simrudishi mtu kwa tarehe. Kwanza atembee kwa haraka nusu saa bila maumivu wakati huo wala kesho yake. Kisha anyanyuke kwa vidole vya mguu mmoja, idadi karibu sawa na mguu mzima. Wengi hugundua hapa kwamba mguu umebaki nyuma sana. Kisha aruke kwa mguu mmoja, mbele, pembeni, bila kuogopa kutua. Baada ya hapo dakika 1 kukimbia na dakika 1 kutembea, mara 10, siku moja akimbie na inayofuata apumzike. Kila baada ya siku mbili tatu ongeza dakika ya kukimbia. Yakizuka maumivu yaliyobaki mpaka asubuhi, rudi hatua moja nyuma, kaa hapo siku kadhaa.

Kasi inakuja baada ya umbali, mteremko baada ya tambarare, na miruko mwisho wa yote: kwanza miruko midogo ya miguu miwili kwenye nyasi, kisha ya mguu mmoja, kisha mkimbio mfupi wa hatua 5 au 6 kwenda shimoni. Mkimbio mzima na kupigiza ubao kwa nguvu zote viwe vya mwisho kabisa, na siku ya kwanza aruke hivyo mara tatu tu, basi.